Taa ya Nyuma

"Kuanzia Jumatatu," alisema Msimamizi, "baiskeli isiyo na taa mbele na nyuma haitoki kwenye geti hili. Sitaki kusikia nilikuwa njiani kununua, sitaki kusikia betri imekufa jana. Haitoki, na mikate yake atabeba mwingine."

Ilikuwa Alhamisi alfajiri, uani mwa kiwanda cha mikate, na wasambazaji wanane walikuwa wamejipanga ukutani na baiskeli zao wakisubiri kupakia. Vichwa saba viligeuka polepole vikamtazama wa nane, mwanamke mwenye koti la kiume lililokunjwa mikono, ambaye alijifanya anakagua breki.

"Shemeji," alisema Kipara, yule mnene ambaye mdomo wake haukosi neno, "mpe salamu Taratibu. Mwambie zawadi yake tumeipokea."

Watu wakacheka. Na yeye akacheka, maana akinuna ndiyo kabisa. Pale kiwandani wote walimwita Shemeji kwa sababu alikuwa mke wa mwenzao, na huyo mwenzao waliyemwita Taratibu kwa mwendo wake wa kobe alikuwa nyumbani na mguu uliovunjika mahali pawili. Wiki tatu zilizopita gari dogo la mizigo lilimgonga kwa nyuma, kwenye barabara ile ile, gizani vile vile. Dereva alisema hakuona kitu. Taratibu alisema dereva ni mwongo wa kutupwa, kwa sababu kwenye madigadi ya nyuma alikuwa na kile kioo chekundu kinachong'aa kikimulikwa na taa za gari, na alikuwa akikifuta kila siku kwa kitambaa. Msimamizi akasikiliza pande zote mbili, kisha akaandika kwenye daftari maneno ya upande mmoja: mpanda baiskeli hakuwa na alama ya nyuma. Kwa sentensi hiyo moja kiwanda kikanawa mikono, na gharama za hospitali zikabaki kwa mwenye mguu.

Siku ya nne mkewe alitokea getini na baiskeli iliyonyooshwa.

"Njia ya mumeo ina vilima viwili," Msimamizi alimwambia siku hiyo.

"Na mimi nina miguu miwili."

Akapewa. Lakini kila alfajiri, ng'ambo ya geti, juu ya jiwe, alikuwa akikaa mwanamume mmoja mwenye kofia ya sufi na baiskeli yake mwenyewe, akisubiri mtu augue, achelewe au akose adabu. Wao walimwita Mwenye Kofia tu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na njaa, na alfajiri hii, Msimamizi alipotamka "atabeba mwingine", Shemeji alimwona akiinuka kwenye jiwe lake asikie vizuri.

*

Nyumbani kwao kulikuwa na vyumba viwili. Cha mbele ndimo Taratibu alimokuwa amelazwa kwenye kochi, mguu ndani ya plasta nzito umewekwa juu ya kigoda na mto, na mama yake ameketi mlangoni akichambua maharage kama mtu aliyetukanwa na kila punje.

"Taa," alisema mama mkwe. "Sasa wanataka taa. Kesho watataka kengele, keshokutwa honi. Mwanangu mmoja yuko kwenye plasta, wanataka niuguze wawili."

"Taa ni ili tusiuguze wawili, mama."

"Ungeacha hiyo kazi usingehitaji taa wala mwenge."

"Tukiiacha tutakula nini?"

Mama mkwe akarudi kwenye maharage yake. Swali hilo lilikuwa limeulizwa mara nyingi ndani ya wiki tatu.

Walikuwa na elfu kumi na mbili zilizobaki baada ya kodi. Taratibu alizijua, kwa sababu alikuwa hana kazi nyingine isipokuwa kuzijua.

"Nunua dainamo," alisema. "Haili betri. Funga taa moja kubwa mbele. Ya nyuma nunua hata kidude tu, cha kumridhisha Msimamizi. Taa ni ya mbele, mke wangu. Mtu huangalia anakokwenda."

"Wewe uligongwa mbele?"

Ilimtoka kabla hajaipima. Taratibu akageuza uso.

"Nilikuwa na kioo," alisema.

"Najua, baba."

"Nilikifuta asubuhi ile ile."

"Najua."

"Kama unajua, mbona unanitazama hivyo?"

Ukweli ni kwamba hakujua. Kioo chenyewe kilisagika siku ya ajali pamoja na madigadi, hakikubaki hata kipande cha kuonyesha mtu. Alimpenda mumewe, alimlisha, alimwogesha, alimtetea mbele ya Kipara na wenzake. Lakini usiku, akiwa amejinyoosha kitandani na mgongo unawaka moto, alijiuliza kama mtu aliyechoshwa na miaka kumi na miwili ya kusambaza mikate hawezi kusahau kufunga kioo cha mia tano. Hilo lilimuuma kuliko mgongo. Akaondoka kwenda kuteka maji ili asiendelee kutazamwa.

*

Jumamosi alianza na duka kubwa, lile la vioo na kiyoyozi. Taa zilikuwa zimepangwa ndani ya kabati lililofungwa kwa ufunguo, zimelala kwenye vitambaa vyeusi kama hereni.

"Seti hii elfu thelathini na tano," alisema muuzaji, kijana mwenye kucha safi, bila kuinuka.

"Naweza kuiona inavyowaka?"

"Ukishanunua utaiona inavyowaka."

"Mdogo wangu, hata tikiti maji watu hulipiga kofi kwanza."

"Basi nenda sokoni kwenye matikiti."

Mteja mmoja aliyekuwa pembeni akajikohoza. Shemeji alihisi masikio yakimchoma. Alitaka kumpa jibu lake, na jibu alikuwa nalo, la kumtosha yeye na ukoo wake. Lakini akaona atapoteza dakika tano na bado hana taa. Akatoka. Mlango wa kioo ukajifunga wenyewe nyuma yake, taratibu, kwa heshima zote ambazo muuzaji alimnyima.

Fundi Spoku alikuwa kibandani kwake, amezungukwa na magurudumu yaliyoning'inia. Alikuwa mwembamba kweli kweli, jina hakubandikwa bure. Alisikiliza shida nzima huku akinyoosha rimu, kisha akatoa vitu vitatu akaviweka juu ya debe.

"Haya. Kwanza dainamo, ya zamani lakini nzima, na taa zake mbili. Elfu kumi na moja."

Akaifunga kwenye baiskeli ya Shemeji, akainua gurudumu, akazungusha. Taa ikawaka vizuri, ya mbele na ya nyuma, mpaka Shemeji akafurahi. Kisha akaushika ule mpira wa gurudumu kwa kiganja, akausimamisha. Taa zikafa.

"Nikisimama inazimika?"

"Ukisimama umesimama, dada yangu. Unataka kuona nini?"

"Nataka kuonwa. Pale njia panda nasimama kupisha malori, na mengine yanakuja nyuma yangu. Nikizimika hapo, si ndiyo nimekwisha?" Akauzungusha tena kwa mkono, akasikia ulivyokuwa mzito. "Na hii nipandishe nayo vilima viwili na mikate sitini?"

"Inavuta kidogo, sikufichi."

"Ya pili."

Ya pili ilikuwa jozi ya plastiki ndani ya karatasi ngumu, nyepesi kama bisi. Elfu nne. Ilitumia betri ndogo mfano wa vifungo vya shati. Fundi Spoku aliigonga mara moja kwenye debe, ikazimika. Akaigonga tena, ikawaka.

"Hii si ya kusafiria," alisema. "Hii ni ya kumpitisha mtu getini."

"Wenzangu wamenunua hii?"

"Wanne mpaka sasa. Mmoja aliniomba nimuuzie ya nyuma peke yake. Huyo nilimfukuza, jozi sivunji."

Shemeji aliigeuza ile jozi mkononi. Elfu nne. Zingebaki nane, na nane ni unga, sabuni, na nauli ya kumpeleka mtu hospitali kukatwa plasta. Msimamizi angeona kitu kinawaka mbele, kitu kinawaka nyuma, angetia tiki. Akaiweka chini. Mkono wake haukutaka kuiacha, lakini aliiweka.

"Ya tatu."

Ya tatu ilikuwa moja tu, ya nyuma, nyekundu, nene kama kipande cha sabuni. Inachajiwa kwa chaja ya simu. Elfu tisa. Fundi aliitumbukiza kwenye ndoo ya maji anayotafutia pancha, ikawaka humo humo majini. Akaiangusha sakafuni, ikawaka. Mwenzake wa mbele alikuwepo, lakini wakienda pamoja wanakuwa elfu kumi na saba.

"Ipeleke kule mwisho wa uchochoro," alisema Shemeji.

"Nani, mimi?"

"Ni wewe unayeuza."

Akaenda huku akinung'unika, wenye vibanda wote wakimtazama. Hatua arobaini. Mchana kweupe, na bado Shemeji aliiona ikimkonyeza kwenye kivuli cha ukuta. Roho yake ikatulia. Alijua kwamba kila mtu atamcheka kwa kununua taa ya nyuma akaacha ya mbele, na alijua kwamba ndiyo anayoitaka.

"Elfu nane," alisema Shemeji fundi aliporudi.

"Dada, hata maji nilimoichovya yana bei."

Wakashikana, wakaachana, wakaishia nane na nusu, na ukanda wa mpira wa tyubu juu yake kama nyongeza. Fundi Spoku akaifunga mwenyewe mahali pake, kwenye bomba chini ya kiti, akakaza nati.

"Na ya mbele?" akauliza.

"Ya mbele inalala chini ya mto wa mama mkwe."

*

"Tochi yangu?" alisema mama mkwe. "Na mimi nikibanwa usiku?"

"Usiku ni yako, mama. Saa kumi ndiyo naichukua."

"Na nikibanwa saa kumi na nusu?"

"Mwamshe mwanao akushike mkono."

"Mwanangu mwenyewe anatembelea magongo! Tutaokotwa wawili huko uani!"

Taratibu alicheka mpaka plasta ikagonga kigoda. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka ndani ya wiki tatu, na mama mkwe, aliyekuwa amejiandaa kugomba mpaka jioni, alijikuta hana pa kuendelea. Jumatatu saa kumi kamili aligonga mlango wa chumba chao, tochi mkononi, kioo chake kimefutwa kwa upindo wa kanga.

"Irudi nzima," alisema. "Na wewe pia."

*

Msimamizi alipita na daftari. Ukaguzi wake ulikuwa hivi: baiskeli tupu zinapangwa ukutani, anapita mbele anatazama, anapita nyuma anatazama, anatia tiki. Baada ya tiki ndipo mtu anakwenda mlango wa kupakia, anafungiwa makreti mawili ya mikate juu ya keria, yanafunikwa kwa turubai, halafu geti.

"Hii nini?" aliuliza kwenye baiskeli ya Shemeji.

"Taa."

"Hii ni tochi imefungwa na mpira."

"Inawaka au haiwaki?"

Aliiwasha ikampiga usoni. Msimamizi akafumba macho, wenzake wakaangua kicheko, Kipara akasema Shemeji ameacha mikate sasa anachimba madini. Lakini tiki akapata. Kipara mwenyewe alikuwa na ile seti ya kabati la vioo, elfu thelathini na tano nzima, na alikuwa amewaonyesha watu mitindo yote mitatu ya kukonyeza.

Kipara akatoka wa sita, Shemeji wa saba. Njia zao zilikuwa moja mpaka njia panda. Barabara ilikuwa nyeusi, taa za nguzoni zilikuwa zimekufa siku nyingi. Shemeji akapiga pedali akitafuta mbele yake ile nyekundu ya Kipara. Hakuiona. Akadhani mwenzake amekimbia. Akaongeza mwendo, tochi ya mama mkwe ikilamba lami, na ghafla, hatua kumi mbele yake, ukuta mweusi ukatokea barabarani. Alikamata breki zote mbili. Nusura amgonge.

"Kipara! Taa yako imezimika!"

"Haijazimika! Nimeichaji usiku kucha!"

"Simama!"

Wakashuka. Shemeji akaenda nyuma ya baiskeli ya mwenzake, akaona turubai. Lile turubai la bluu iliyokolea, refu jipya, ambalo kiwanda kilianza kuwapa tangu mvua zilipoanza, siku chache kabla ya ajali ya Taratibu, kwa sababu wenye maduka walilalamika mikate inafika imelowa. Amri ya Msimamizi ilikuwa lishuke nyuma mpaka karibu na ekseli ya gurudumu. Akalifunua. Na huko ndani, kati ya kiti na makreti, taa ya elfu thelathini na tano ilikuwa ikikonyeza kwa nguvu zake zote, ikiikonyezea plastiki.

"Loo," alisema Kipara.

Shemeji alikwenda kwenye baiskeli yake, akainua turubai lake. Yake pia ilikuwa inawaka humo, nyekundu, imara, haina wa kuiona. Fundi aliifunga kwenye baiskeli tupu. Msimamizi aliikagua kwenye baiskeli tupu. Watu wanane, kila mmoja amepakia mikate kila siku ya maisha yake, na hakuna hata mmoja aliyeufikiria mzigo, kwa sababu hakuna mtu anayejiona kisogo.

Akaangaza tochi chini, kwenye madigadi yaliyowekwa baada ya ajali. Hapo ndipo kioo cha Taratibu kilipokuwa, kama kilikuwepo. Turubai lilikuwa limeshuka mpaka chini yake, kiganja kizima.

"Kilikuwepo," alisema kwa sauti.

"Nini kilikuwepo?"

Shemeji aliichomoa taa kwenye bomba la kiti, akaifunga nje ya turubai, kwenye ule ukanda wa mpira unaozunguka makreti, bila kutoboa chochote. Akamfungia na Kipara yake. Wakaondoka. Mbele yake, sasa, Kipara alikuwa akikonyeza barabara nzima.

*

"Taa iko wapi?" aliuliza Msimamizi saa tatu asubuhi, Shemeji aliporudi na makreti matupu. Alikuwa anatazama bomba la kiti, halina kitu.

"Hii hapa, kwenye mpira. Msimamizi, sikiliza, ile taa ikikaa chini ya kiti..."

"Nimekutia tiki ikiwa kwenye baiskeli. Imetoka saa ngapi? Nani ulimwazima?"

"Sikumwazima mtu. Turubai linaifunika. Hata kioo cha mume wangu..."

"Aa, tumefika kwa mumeo." Alifunga daftari. Watu wa tanuri walikuwa wamesimama kusikiliza, unga mpaka kwenye nyusi. "Mnaazimana taa ili mpite ukaguzi, halafu mnaniletea hadithi za kioo. Amri inasema taa ifungwe kwenye baiskeli. Kesho njia yako anachukua Mwenye Kofia."

Kipara alikuwa pale pale anahesabu makreti yake. Shemeji alimtazama. Kipara akayahesabu tena tangu mwanzo.

Alikokota baiskeli mpaka nyumbani, hakuipanda. Alitaka kulia akaona hana muda. Mumewe alipomuuliza vipi taa, alisema inawaka vizuri, akalala na nguo zake, na saa kumi alikuwa amesimama mlangoni kwa mama mkwe akidai tochi.

*

Gari la unga lilipotoka, geti lilibaki wazi upande mmoja, upana wa mtu na baiskeli yake. Shemeji akaingia, akaigeuza baiskeli yake tupu ikakingama hapo, akakanyaga stendi. Wanane walikuwa tayari wamepakia, wamefunika, wanataka kutoka. Hata Kipara alikuwa ameirudisha taa yake chini ya kiti, kama amri ilivyotaka. Wa mwisho alikuwa Mwenye Kofia, na mikate sitini ya Shemeji mgongoni mwa baiskeli yake.

"Toa baiskeli," alisema Msimamizi.

"Naitoa. Nina ombi moja tu."

"Mikate inapoa!"

"Basi nikubalie haraka. Umewakagua hawa?"

"Nimewakagua wote. Wote wana taa."

"Zima ile balbu ya mlangoni. Wao wazime za mbele, wawashe za nyuma. Wewe nenda nyuma yao, pale ukutani kwenye kuni, geuka, utazame. Ukiziona taa nane, naondoka na sirudi hapa, hata kuomba makombo."

Msimamizi alicheka puani. Akatafuta wa kucheka naye, hakumpata. Ndipo Kipara akakohoa.

"Nenda, mzee," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. "Jana nilipaswa kusema nikanyamaza. Shemeji hakumwazima mtu. Nenda uone."

Mtu mmoja wa tanuri akazima balbu bila kuambiwa mara ya pili. Giza likaanguka uani. Wakasikia viatu vya Msimamizi vikienda, vikafika kwenye kuni, vikageuka.

"Haya, washeni," alisema.

Uani hapakuonekana hata nukta moja nyekundu.

"Nimesema washeni za nyuma! Mnanichezea?"

"Zimewashwa, mzee," alisema Mwenye Kofia.

Viatu havikusogea. Shemeji akatoa taa yake mfukoni, akapapasa mpaka mwisho wa mstari, akaifunga kwenye mpira wa mzigo wa Mwenye Kofia, juu ya mikate iliyokuwa yake, akaibonyeza. Ukuta mzima ukawa mwekundu, na kuni, na uso wa Msimamizi umesimama katikati, mdomo wazi.

Akaja, polepole, akalishika pindo la turubai, turubai aliloamuru mwenyewe lishuke mpaka hapo, akalipima kwa kiganja kama mtu anayetaka kulinunua.

"Fungeni nje," alisema. "Wote. Na ukaguzi kuanzia leo ni baada ya kupakia."

"Na njia yangu?" aliuliza Shemeji.

"Chukua."

Mwenye Kofia alifungua mikanda bila neno. Wakahamisha makreti pamoja, yeye ameshika huku, Shemeji kule, na alipomaliza kukaza mpira wa mwisho akauliza, "Na mimi, Msimamizi?"

"Wewe njoo kesho."

"Kesho nimeanza kuja tangu mwezi wa pili," alisema Mwenye Kofia, akavuta kofia yake, akarudi kwenye jiwe. Shemeji aliona aibu ambayo haikuwa yake, lakini hakuwa na pa kuiweka.

"Na yale ya kwenye daftari," alimwambia Msimamizi, mguu mmoja kwenye pedali. "Ya mume wangu."

"Shemeji, jambo moja kwa siku."

"Sawa. Hilo naja nalo kesho."

*

Alimweleza mumewe yote, tangu ukuta mweusi barabarani mpaka ukuta mwekundu kiwandani, mama mkwe akidakia kila mahali. Taratibu alisikiliza bila kutikisika.

"Kwa hiyo kioo kilikuwepo," alisema mwishoni.

"Kilikuwepo. Nyuma ya turubai." Akavuta pumzi. "Na mimi sikukuamini. Nilisema najua, lakini sikukuamini. Nisamehe."

"Hilo nililijua," alisema Taratibu. "Macho yako hayajui uongo."

Alinyoosha mkono akamshika kidole, kimoja tu, akakikamata hivyo kwa muda. Shemeji alingoja afurahi. Ameshinda, si ndiyo? Lakini uso wa mumewe ulikuwa unakunjamana, kama mtu anayesikia maumivu yakitokea mbali.

"Basi yule kijana hakusema uongo," alisema.

"Kijana gani?"

"Dereva. Mdogo yule, hata ndevu hana. Nimelala pale kwenye lami, ameshika kichwa changu mapajani mwake, analia, anasema mzee sikukuona, mzee nisamehe sikukuona. Na mimi namtukania mama yake. Nikamwita mwongo mbele ya polisi. Nikawaambia alikuwa amelewa." Akameza mate. "Wamemnyang'anya leseni kwa maneno yangu."

Mama mkwe aliacha kuchambua. Nje jirani alikuwa anatwanga, anatwanga, akaacha.

"Namba yake iko kwenye karatasi ya polisi," alisema Taratibu. "Nipe simu."

"Pumzika kwanza. Hata jioni..."

"Nipe simu, mke wangu."

Akampa. Ilikuwa na chaji kidogo, maana usiku kucha chaja ilikuwa kwenye taa. Taratibu akasoma namba kwa kidole, akakosea, akaanza upya. Ikaita mara moja. Ikaita mara tano. Kisha wote watatu wakasikia sauti ya kijana, ya uoga, ikisema haloo.

"Usikate," alisema Taratibu. "Ni mimi wa baiskeli. Sikiliza, mwanangu. Ni kweli hukuniona."